Mimbari si ya Kukodishwa

Hakuna baraza katika nchi hii linalokusanya watu wengi kama ibada ya Jumapili. Bunge lina viti vyake vilivyohesabiwa, mahakama zina kuta zake, na mkutano wa hadhara hungoja mpaka mwanasiasa awe na haja nao. Lakini kila juma, tangu makanisa makuu ya mawe ya Nairobi na Mombasa hadi vibanda vya mabati vya Kibera na Mathare, mamilioni ya Wakenya huketi kimya wakamsikiliza mtu mmoja akisema. Hawamkatizi wala hawamwulizi swali, na wengi wao hurejea nyumbani wakiyachukua maneno yake kuwa yametoka kwa Mungu. Mtu aliyepewa masikio ya namna hiyo amepewa mamlaka. Nasi tulio watu wa sheria tumefundishwa jambo moja juu ya mamlaka: kila aliyekabidhiwa hana budi kuulizwa anayatumiaje, na kwa faida ya nani.

Ndiyo sababu twauliza: mahubiri ni ya nini? Hatuulizi kwa udadisi wa vyuoni. Twauliza kwa kuwa mimbari iliyoshindikana kunyamazishwa kwa rungu katika miaka ya 1980 na 1990 imo hatarini kunyamazishwa kwa bahasha. Na mimbari ikinyamaza, mwananchi aliyedhulumiwa shamba, mzazi aliyempoteza mwanawe mikononi mwa askari, na mgonjwa aliyefika zahanati akakosa dawa, wote wamepoteza msemaji wa mwisho.

DINI NA SIASA

Wakubwa wana jibu lao tayari. Wanatuambia kwamba kazi ya mhubiri ni kuokoa roho, na mambo ya utawala awaachie wenye utawala. Dini na siasa visichanganywe! Tumeusikia wimbo huu tangu enzi za chama kimoja. Lakini msomaji na amtazame vyema anayeuimba. Yule yule anayemkemea askofu siku ya Jumatatu kwa kuingilia siasa, Jumapili alikuwa amesimama mbele ya madhabahu, kipaza sauti mkononi, akiwatukana wapinzani wake. Kumbe hana neno na dini kugusa siasa. Kinachomuudhi ni dini kumgusa yeye.

Maandiko yenyewe hayaujui ukuta huo. Nabii Nathani hakwenda kwa mfalme Daudi kumwombea baraka ya mwaka mpya. Alikwenda kumwambia kwamba ameua mtu ili amtwae mkewe. Amosi, mchungaji wa kondoo wa Tekoa, alifukuzwa na kuhani Amazia kwa hoja kwamba Betheli ni mahali pa ibada pa mfalme, hivyo maneno ya kumhukumu mfalme hayana nafasi hapo. Yohana Mbatizaji alitiwa gerezani kwa sababu alimwambia Herode jambo ambalo kila mtu alilijua na kila mtu alilinyamazia.

Kati ya visa hivyo vyote, kile cha shamba la mizabibu la Nabothi ndicho kinachotugusa zaidi sisi mawakili, kwa maana ni kesi ya ardhi. Mwenye shamba amekataa kuuza urithi wa baba zake. Mfalme Ahabu amenuna, hali chakula. Malkia Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga muhuri wake. Wazee wa mji wanaitwa, baraza linaketi, mashahidi wawili wanatoa ushahidi, hukumu inatolewa, na mshtakiwa anapigwa mawe mpaka kufa. Kisha mfalme anashuka kulimiliki shamba. Tazameni: barua zilikuwa na muhuri, baraza lilikuwa na wazee, na mashahidi walitimia idadi inayotakiwa. Kila hatua ya utaratibu ilifuatwa, ila haki. Ni wakati huo, mahakama ikiwa imekwisha kununuliwa na wazee wakiwa wamekwisha kutishwa, ndipo Eliya alipotumwa kukutana na mfalme shambani. Mhubiri alifika pale ambapo taasisi nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Mkenya aliyewahi kuona hati mbili za shamba moja, zote zikiwa na muhuri wa serikali, hahitaji kufafanuliwa kisa hiki.

Wako watakaotufungulia Waraka kwa Warumi, sura ya 13, watukumbushe kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu na kila mtu ayatii. Tumeisoma. Lakini sheria yoyote husomwa kwa ukamilifu wake, na sura hiyo hiyo inamwita mtawala mtumishi kwa ajili ya mema ya watu. Mtumishi ana kazi aliyoajiriwa. Akiigeuza, amekiuka mkataba wake. Tena ziko mamlaka nyingine katika nchi yetu zilizo juu ya mtawala yeyote. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inatamka katika Ibara ya 1 kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi wa Kenya. Basi anayeipindua Katiba, anayedharau amri ya mahakama, anayeamuru waandamanaji wasio na silaha wapigwe risasi, huyo ndiye anayeasi mamlaka. Mhubiri anayemkemea anatetea utii.

MIMBARI ILIPOKUWA BUNGE LA WANANCHI

Vijana wengi wanaosoma kijarida hiki walizaliwa baada ya miaka ile, nasi twaona ni wajibu wetu kuwaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Mwezi Juni 1982 Bunge liliingiza katika Katiba Kifungu cha 2A, nacho kikaifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Redio ilikuwa ya serikali. Mhariri aliyethubutu aliweza kufungwa, kama alivyofungwa mhariri wa jarida la Beyond la Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, lililopigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kufichua uozo wa uchaguzi wa mlolongo. Mkutano wa hadhara uliombewa leseni kwa mkuu wa wilaya chini ya Sheria ya Amani ya Umma, naye mkuu wa wilaya alikuwa mtu wa Rais. Uchochezi dhidi ya serikali ulikuwa kosa la jinai, na maana yake ilinyumbulika kama mpira. Ulifutwa katika sheria zetu mwaka 1997 tu.

Hata hivyo ilibaki pengo moja katika ukuta huo. Ibada ya Jumapili haikuombewa leseni. Hapo ndipo mahubiri yalipopata uzito ambao labda wahubiri wenyewe hawakuutafuta. Mwaka 1975, taifa likiwa limetikiswa na kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki, David Gitari alitoa mfululizo wa mahubiri redioni, akawakumbusha wasikilizaji kisa cha Kaini na Abeli na swali ambalo Mungu alimwuliza muuaji juu ya ndugu yake. Mwaka 1986 wachungaji waliokutana chini ya NCCK waliupinga mpango wa kupiga kura kwa kupanga mlolongo, wakihoji mchungaji atawezaje kusimama nyuma ya mgombea mmoja mchana kweupe kisha abaki mchungaji wa wote.

Mwezi Juni 1987, mjini Nyeri, Gitari, wakati huo Askofu wa Mlima Kenya Mashariki, alihubiri juu ya Danieli sura ya 6. Alieleza jinsi mawaziri wenye wivu walivyomshawishi mfalme Dario atie sahihi amri isiyoweza kubadilishwa, bila ya kuwashauri watu itakaowahusu, na jinsi mtumishi mwaminifu alivyotupwa kwa simba kwa ajili yake. Mwaka uliotangulia, 1986, Bunge la Kenya lilikuwa limemwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu ulinzi wa kikatiba wa kazi zao. Kila msikilizaji alielewa. Wanasiasa walimshambulia, na bila shaka walielewa kuliko wote. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku, akaokoka kwa kukimbilia darini.

Siku ya kwanza ya mwaka 1990, katika Kanisa la Mtakatifu Andrea jijini Nairobi, Mchungaji Timothy Njoya aliwakumbusha waumini jinsi tawala za chama kimoja zilivyokuwa zikianguka Ulaya ya Mashariki, akauliza tawala kama hizo Afrika zitadumu hadi lini. Mwaka huo huo Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alidai vyama vingi na ukomo wa muhula wa Rais. Na tarehe 14 Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyekuwa ametishwa hadharani na waziri kwamba akienda Busia huenda asirudi akiwa hai, alikwenda Busia, akahubiri, na alipokuwa akirejea akafa katika ajali ya barabarani. Waziri alijiuzulu. Desemba 1991 Kifungu cha 2A kilifutwa.

Mapambano hayakuishia hapo. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa, walipofukuzwa kwa virungu katika bustani ya Uhuru, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia ndani ya kanisa hilo hilo na mabomu ya machozi, wakawapiga waliokuwa wakiomba. Padre John Kaiser, aliyekuwa ameyasema mbele ya tume ya uchunguzi aliyoyajua juu ya mapigano ya kikabila, alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba aliuawa. Jirani zetu Waganda walikuwa wamelipa bei hiyo mapema zaidi, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977 baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji.

Tukiyatazama mahubiri yale twaona yalikuwa na sifa nne. Yalitoka katika Maandiko; hayakuwa hotuba ya siasa iliyovishwa joho. Yalitaja tendo, mahali na aliyeumia, hayakuishia kusema kwamba dunia ina dhambi. Aliyeyatoa hakuwa anagombea kiti wala hakuwa amelipwa. Na alisema kwa jina lake mwenyewe, akijua gharama. Palipokosekana moja ya hizo nne, mahubiri yaliharibika.

MAKANISA YALIYOJAA HAYATOSHI

Tusiipambe historia lakini. Kwa kila mimbari iliyosema, zilikuwapo nyingi zilizonyamaza, na nyingine zilizoimba sifa za mtukufu. Tena ziko saa ambazo mimbari ilisema, na heri ingalinyamaza. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 2007 baadhi ya viongozi wa dini waligawanyika kwa makabila, wakawabariki wagombea na kutabiri ushindi kana kwamba Mungu amejiandikisha katika chama. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto likiwa na wakimbizi ndani, wengi wao wanawake na watoto. Februari 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa hiyo wakakosa sauti ya kuzuia maafa.

Rwanda ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Nchi ile ilijaa Wakristo. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 ulianzia huko Gahini. Lakini mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyange waliuawa humo humo. Padre wa Nyange, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha, na mwaka 2008 adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Miaka sitini ya mahubiri ilikuwa imeufikia ulevi, ugomvi wa nyumbani na wizi wa kuku, haikuugusa ukabila. Huo ndio msiba wa kuhubiri wokovu usiovuka kizingiti cha mlango wa mtu. Mwamini hutubu uongo aliomwambia jirani, kisha siku ya uchaguzi akashangilia uongo wa mtu wa kabila lake.

Kwa hiyo hatudai mhubiri awe mpiga debe wa upinzani. Mhubiri aliyejifunga na chama, kiwe cha serikali au cha wapinzani, ameuza haki yake ya kukemea. Tunadai awe huru kiasi cha kuwaudhi wote wawili.

RUNGU NA BAHASHA

Hapo ndipo tulipofika katika hatari ya leo. Utaratibu wake waumini wanaujua. Siku ya Alhamisi simu inapigwa: mheshimiwa atasali nasi Jumapili. Viti vya mbele vinafagiliwa, na wazee waliozoea kukaa hapo wanasogezwa nyuma. Mahubiri yanafupishwa, maana wageni wana safari ndefu. Kisha mheshimiwa anaombwa atoe salamu tu, na salamu hizo zinakula saa nzima. Mwishoni fedha zinahesabiwa mbele ya watu, noti kwa noti: za kwaya, za kina mama, za paa, za gari la mchungaji. Kusanyiko linapiga makofi. Juma linalofuata, bwawa la kijiji hicho likiwa bado halijachimbwa na fedha zake zimekwisha kuliwa, nani atasimama aseme?

Sheria ina neno kwa jambo hili: mgongano wa maslahi. Hakimu aliyepokea zawadi kutoka kwa mmoja wa wenye kesi hujitoa katika kesi hiyo, hata kama moyoni anaamini kwamba hatapendelea, kwa sababu haki ni lazima ionekane ikitendeka. Mhubiri naye ni kama hakimu wa namna yake. Kila Jumapili shauri la mjane dhidi ya mwenye nguvu liko mbele yake. Akiisha kupokea bahasha ya mwenye nguvu, mjane ana haki ya kumkataa.

Tena tuulize fedha hizo zatoka wapi. Mishahara ya wabunge na mawaziri inajulikana. Mtu anayetoa kila Jumapili zaidi ya anachopokea kwa mwezi ana chemchemi nyingine, na chemchemi hiyo mara nyingi ni mfuko wa umma. Kama ndivyo, basi mwananchi anapewa sadaka ya mali yake mwenyewe, na juu yake anatakiwa ashukuru. Sura ya Sita ya Katiba yetu, juu ya uongozi na uadilifu, iliandikwa ili kuzuia mambo ya aina hii.

Hatuko peke yetu katika kulisema hili. Septemba 2021, huko Butere, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena ibadani. Mwaka 2024 vijana waliojitokeza barabarani kupinga Mswada wa Fedha waliyataja pia makanisa yanayokula sahani moja na wanasiasa. Novemba mwaka huo, siku chache baada ya maaskofu wa Katoliki kuikemea serikali kwa uongo na ahadi zisizotimizwa, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru fedha alizotoa Rais katika parokia moja ya Kayole zirudishwe. Walakini Machi 2025 Rais huyo huyo alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na vijana waliokwenda kulalamika wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Hapo bahasha na rungu vilionekana mahali pamoja. Vijana wale hawakukosa dini. Walikuwa wakiuliza swali ambalo Amosi angeliuliza.

Tunajua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kudharauliwa. Mkono mtupu haulambwi. Yuko mchungaji wa kanisa la mabati asiye na mshahara, mwenye mayatima kumi wanaongoja karo, na mvua inawanyeshea waumini wake kwa sababu paa limeoza. Mtu anakuja na laki mbili. Je, azikatae? Sisi hatumwambii akatae msaada. Tunasema msaada wa halali hauhitaji kipaza sauti. Anayetaka kujenga paa na apeleke fedha zake kwa mweka hazina, apewe stakabadhi, jina lake na kiasi chake vibandikwe ukutani pamoja na vya yule mama aliyetoa shilingi hamsini, kisha aketi kama wengine asikilize neno. Tunaamini wengi watatoweka siku hiyo, na kutoweka kwao kutatujulisha walichokuwa wakinunua.

LESENI YA KUHUBIRI?

Liko jambo la pili linalotutia wasiwasi. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mingi ikiwa ya watoto, waliosemekana kufunga chakula mpaka kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao. Mwaka 2024 mhubiri huyo na wenzake walifunguliwa mashtaka mazito, nao wakayakanusha. Hukumu tunaiachia mahakama. Lakini kwamba mahubiri yanaweza kuua hakuna awezaye kubisha tena.

Baada ya maafa hayo zilipazwa sauti zikitaka kila mhubiri asajiliwe, apimwe elimu yake na apewe kibali. Tunauelewa uchungu ulioleta wazo hilo. Hata hivyo tunasema kama wanasheria: tahadhari! Ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa dhamiri, dini na imani. Ibara ya 26 inalinda uhai, na ya 53 inawalinda watoto. Hizi hazigombani. Anayemnyima mtoto chakula au matibabu akashitakiwe kwa tendo hilo, awe na shahada ya theolojia au asiwe nayo. Sheria za kumshitaki zilikuwako kabla ya Shakahola, na mhubiri yule alikuwa amewahi kufikishwa mahakamani miaka kabla ya makaburi kugunduliwa. Hatukupungukiwa na sheria. Tulipungukiwa na maofisa wenye bidii ya kuitekeleza na kuwasikiliza wenyeji waliopiga kelele.

Lakini kumpa ofisa wa serikali mamlaka ya kuamua nani ahubiri ni kuirudisha leseni ya mkuu wa wilaya kwa mlango wa nyuma. Leo atanyimwa kibali mganga wa uongo, nasi tutashangilia. Kesho atanyimwa yule aliyesoma kutoka mimbarini majina ya vijana waliotekwa. Anayedhani haitatokea na asome tena habari za mwaka 1987.

Dawa iko kwanza ndani ya nyumba. Makanisa yawe na mabaraza yenye meno, yanayoweza kumwita mhubiri ajibu, kukagua hesabu zake na kuwatangazia waumini kwamba fulani si wa kwao tena. Mahali ambapo mtu mmoja ndiye mwanzilishi, mhubiri, mweka hazina na mwenye hati ya kiwanja, hapo pana udikteta hata kama pana nyimbo tamu. Tuliokataa chama kimoja katika taifa hatuwezi kukubali mtu mmoja katika kanisa.

TUNALOLITAKA

Kwa ndugu zetu wahubiri twasema: hubirini Maandiko yote, pamoja na zile sura ambazo wakubwa hawazipendi. Mkihubiri juu ya wizi, msiishie kwa mwizi wa kuku. Bajeti ya kaunti ni waraka wa umma, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Iombeni, isomeni na wazee wa kanisa baada ya ibada, ulizeni zahanati iliyoandikwa imejengwa wapi. Mtu akiuawa kijijini mwenu na askari, mtajeni kwa jina katika maombi ya Jumapili, na tarehe aliyokufa, kila juma, mpaka uchunguzi ufanywe. Mkimkemea mtawala, kemeeni tendo na mtoe ushahidi. Uvumi msiupandishe mimbarini, na kabila la mtu msilitaje kama kosa. Hapo sheria ya chuki na uchochezi haitakuwa na la kuwashika, na dhamiri zenu hazitakuwa na la kuwasuta.

Kwa mabaraza ya makanisa twasema: katazeni hotuba za siasa ibadani mwaka mzima, isiwe majira ya uchaguzi tu. Bandikeni hesabu. Anzisheni mfuko wa pamoja ambapo parokia yenye nacho itaisaidia isiyo nacho, ili mchungaji wa kijijini asilazimike kuchagua kati ya paa na ukweli.

Na kwa waumini wenzetu twasema: mahubiri ya kuuzwa hayapati soko pasipo wanunuzi. Watu wa Beroya, tunavyosoma katika Matendo ya Mitume, walisifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyowaambia mtume Paulo yalikuwa kweli. Ikiwa mtume alipimwa, hakuna nabii wa Nairobi asiyepimika. Mnapomwona mheshimiwa amesimama mimbarini, msipige makofi. Nyamazeni. Mkiweza, ondokeni taratibu, mrudi atakapokuwa amekwisha.

Mageuzi ya mwaka 1991 yalitupa vyama, na ya mwaka 2010 yakatupa Katiba. Hakuna kati ya hayo yanayojilinda yenyewe. Yanalindwa na watu wanaojua tofauti ya haki na dhuluma, na walio wengi katika nchi hii hufundishwa tofauti hiyo siku ya Jumapili, wakiwa wameketi juu ya mabenchi, wakimsikiliza mtu mmoja. Mtu huyo tunamwomba asikodishe sauti yake. Wako waliokufa ili aweze kuitumia bila leseni.